Bariyeri isiyokula: maneno yetu kwa vijana wanaojitolea, barabara ya Mambasa–Epulu

 

Tuanze na neno lenyewe, juu ndilo linalotuletea shida. Bariyeri. Kwetu neno hili linanuka. Kamba moja imefungwa kwenye miti miwili, kijana amekaa kwenye kiti cha plastiki, miwani myeusi, na wewe tayari mkono uko mfukoni. Mama anayepeleka mchele sokoni anahesabu bariyeri kabla ya kuhesabu faida. Sisi wenyewe, kama harakati ya raia, tumeandamana mara ngapi tukisema bariyeri zitoke? Halafu leo tunakuja mbele yenu na daftari na majembe, tunasema tunasaidia kufunga njia msituni. Mtu akitucheka tunamwelewa.

Lakini msikilize kwanza.

Hifadhi ya Okapi ilianzishwa mwaka 1992. Mwaka 1996 iliingizwa katika Urithi wa Dunia, na mwaka uliofuata, 1997, ikawekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Mwaka mmoja tu! Ni karibu kilometa za mraba 13,700, na katikati yake inapita barabara ya taifa namba 4, ile ya kutoka Kisangani kupitia Nia-Nia, Epulu, Mambasa, mpaka Komanda na Beni. Wazee hapa wanakumbuka wakati barabara hiyo ilikuwa matope, kamiyo inalala majuma mahali pamoja, na vijana wanasukuma mizigo kwa baiskeli. Ilipotengenezwa upya tulifurahi wote. Chumvi ilishuka bei. Hakuna kati yetu anayetaka kurudi kwenye yale matope, na mtu asiende kusema kesho kwamba tunataka kufunga barabara ya taifa. Hapana. Ile ni ya kila mtu.

Tunaongea juu ya njia zinazotoka pembeni yake.

Mnazijua. Mtu mmoja anaingia na mashine ya kupasua mbao. Anahitaji kutoa mbao, anafungua njia ya kamiyo. Mbao zikiisha anaenda zake, njia inabaki. Baada ya hapo pikipiki inaingia. Zamani mwindaji alitembea siku mbili na angebeba nyama ile tu mgongo wake unaweza. Leo pikipiki inamfikisha kwa saa chache na inatoka na magunia, mboloko kwa nyani, imekaushwa moshi. Baada ya mwindaji anakuja mchimba dhahabu, nyuma yake muuza pombe, nyuma yake shamba. Msitu hauishi kwa siku moja. Unaishia kwenye njia ambayo hakuna mtu aliyeifunga.

Ndiyo maana kazi yetu ni ndogo na ni ya mikono. Tunachimba mfereji kukata njia, pale ambapo kuna kijito upande mmoja na mti mkubwa upande mwingine, ili pikipiki isizunguke. Udongo tunaurudisha nyuma yake kama ukuta. Gogo peke yake halitoshi: watu wawili wanainua pikipiki juu ya gogo kama mtoto, tumeona kwa macho. Na mvua ya hapa haina huruma, kila baada ya miezi michache mfereji umejaa, turudi tena. Mahali Wambuti wanapita kwa mguu tunaacha nafasi, na hapo walitufundisha wao wenyewe: nguzo tatu zilizopandwa kwa kupinda, mtu mwenye kikapu mgongoni anageuka na kupita, pikipiki kwa urefu wake haiwezi kugeuka. Hakuna aliyetufundisha hiyo chuo kikuu.

Usiku hatuko huko. Tunarudia hili kwa wale wapya: usiku hatuko huko. Usiku ni kazi ya walinzi wa hifadhi, wenye sheria na mafunzo, na hata wao imewagharimu. Tarehe 24 Juni 2012 watu wenye silaha waliingia Epulu, wakaua watu, walinzi wakiwemo, na okapi 14 waliokuwa wakitunzwa pale kituoni wakafa wote. Wengine kati yetu tulikuwa bado shule ya msingi, tulisikia wakubwa wakinong'ona. Kwa hiyo asije mtu na panga akisema anasaidia. Hatukamati mtu, hatunyang'anyi mzigo, hatutozi faini. Hatuna haki hiyo na hatuitaki. Tunachimba, tunaeleza, tunaandika.

Sasa kuna jambo ambalo wengi mmelisikia kwa midomo ya wengine. Afadhali mlisikie kwetu.

Mwaka jana tulifunga njia moja tukiamini haina watu. Sisi ndio tuliowaambia walinzi na chefu wa kijiji kwamba haina watu, nao walituamini. Hatukuwa tumeitembea mpaka mwisho. Tulitembea kilometa chache, tukachoka, tukarudi. Kumbe kule mbele kulikuwa nyumba saba. Usiku mmoja mama alishikwa na uchungu. Motari alikwenda kumchukua kwa njia nyingine ya mbali, akarudi naye kwa njia ile fupi aliyoizoea, akakuta mfereji wetu. Walimshusha, wakamtengenezea tipoyi ya matawi, wakambeba mpaka barabara kubwa. Mama alipona. Mtoto alizaliwa amechoka, akaishi siku mbili.

Hatujui kama ni mfereji. Familia inasema ndiyo, na sisi hatuna uso wa kubishana nao. Tulikwenda matangani, tulikaa chini, baba wa mtoto hakutufukuza na hakutusalimia. Wenzetu watatu waliacha harakati baada ya siku hiyo, na hatuwalaumu.

Mfereji ule tuliufukia wenyewe juma lilelile. Tangu hapo hatufungi njia kabla ya kuitembea mpaka inapoishia, hata kama ni siku mbili, na kuuliza kila nyumba. Kama kuna watu wanaoishi huko, hakuna mfereji: tunaweka mti wa kufunga kwa kufuli, na ufunguo unakaa kwa mtu ambao wanakijiji wenyewe wamemchagua. Mgonjwa anapita bila kuulizwa kitu. Muuguzi wa kijiji kimoja alituambia, hivi nyinyi mlihitaji kusomea hiyo? Tulinyamaza.

La pili ni lile la kamiyo. Saa kumi na moja jioni, wenzetu wanajiandaa kurudi nyumbani, kamiyo inatoka kwenye njia ya pembeni imejaa mbao. Dereva hakuongea. Alitoa simu dirishani, akampa kijana wetu. Ndani ya simu sauti ya mkubwa fulani: "Fungua, mtoto." Hatukufungua. Hatukulala mbele ya matairi pia. Msaidizi wa dereva alishuka, akainua bambu mwenyewe, wakaenda. Kesho yake asubuhi akapita motari mmoja na magunia mawili ya makala. Tulimsimamisha kumweleza. Akatuangalia, akauliza: "Jana bambu ilikuwa nyepesi, leo imekuwa nzito?"

Swali hilo lilitukalisha usiku mzima. Juu kama bariyeri inasimamisha magunia mawili na inaacha kamiyo, basi haina tofauti na zile tulizoandamania, hata kama hatuchukui franka moja. Kufunga njia hakutoshi. Tukaamua kwamba kila kinachopita kinaandikwa, na kinachoandikwa kinasomwa. Siku, saa, rangi ya gari, namba kama iko (pikipiki nyingi hazina, tunajua), mzigo, na nani alisema afunguliwe. Kila Jumamosi tunasoma daftari kwa sauti sokoni, mbele ya watu, kamiyo na baiskeli sauti ileile. Nakala moja kwa walinzi, nyingine kwenye ofisi ya teritwari. Mara ya kwanza watu walicheka. Mara ya tatu walileta viti.

Hatusemi kamiyo zimeisha. Tunasema tu kwamba simu ile haijapigwa tena kwetu. Labda wamepata njia nyingine. Tunaitafuta.

Wamotari, sasa kwenu. Mnatuuliza: nyinyi mmesoma, mna diplomi, hamna kazi, na sasa mnataka sisi tukose kazi kama nyinyi? Ni swali la haki. Kweli, wengi wetu tuna lisansi zilizokunjwa ndani ya plastiki, tumezunguka nazo ofisi mpaka kona zimechakaa. Mama zetu wanatuuliza kila asubuhi tunakula nini kwenye huo mfereji. Hatuna jibu zuri. Hatulipwi, na yule anayewaambia kwamba tunakula dolari za wazungu aje achimbe nasi siku moja aone chakula chetu: mihogo ya kupikwa nyumbani, na siku nyingine hakuna. Wote hapa tunaijua artikli 15, ile ya utani, ya kila mtu ajitafutie. Tumeishi kwayo. Lakini katika katiba yetu ya kweli iko artikli 53: kila mtu ana haki ya mazingira safi, na ana wajibu wa kuyatetea. Wajibu. Haikusema mwenye mshahara peke yake.

Tunachowaomba si mwache kazi. Barabara kubwa iko, masoko yako, wagonjwa wako, walimu wako. Tunaomba msibebe nyama ya pori na mbao kutoka kwenye njia zilizofungwa. Na wawili kati yenu waje wakae nasi kwenye daftari, kwa zamu, ili siku tukiandika uongo juu ya motari awepo motari wa kusema ni uongo. Jana mmoja alikubali. Tunangoja wa pili.

Kesho tunaanza njia ile ya baada ya daraja la mbao. Kwanza ni kutembea, hatuchimbi. Tuonane hapa saa kumi na mbili asubuhi, viatu vya mvua kwa mwenye navyo, maji ya kunywa, kalamu mbili juu moja hulowa. Mzee mmoja wa Wambuti atatuongoza, na tumekubaliana naye: yeye akisema njia hii ina watu, tunarudi.