Boti Kwanza, Michango Baadaye: Safari ya Uvuvi kutoka Namakwekwe

Kundi la marafiki, majirani au wafanyakazi wenza wa Namakwekwe, katika jiji la Mbale, linapoamua kwenda kuvua samaki kwa siku moja, mpango wake huanza na michango, kisha hukodiwa teksi, na chombo cha majini huachwa kitafutwe siku yenyewe ya safari, nao utaratibu huo, ingawa unaonekana wa kawaida, ndio unaozaa sehemu kubwa ya hatari. Teksi hubeba abiria 14, na kwa sababu hiyo kundi hujihesabu kwa viti vya teksi. Likifika Masese, mwalo wa Jinja ambako mitumbwi huegeshwa na samaki hupakuliwa, huenda likakuta boti isiyoweza kuwachukua wote kwa usalama, ilhali kila mmoja amekwisha kulipa na hakuna aliye radhi kubaki nchi kavu.

Uganda imekwisha kuona jinsi uzito unavyoweza kukigharimu chombo. Tarehe 24 Novemba 2018, boti iliyobeba watu waliokuwa wakisherehekea ilizama katika Ziwa Victoria, wilayani Mukono, na zaidi ya watu 30 wakafa. Polisi walieleza kwamba chombo hicho kilizidisha watu, kilikuwa kibovu na hakikuwa na leseni. Sheria ya Usafiri wa Majini ya 2021 ilitungwa kusimamia vyombo vya maziwa na mito, lakini inafaa kusemwa waziwazi kwamba sheria haiwezi kumshusha abiria wa ziada pale ambapo wenzake wote wanamsihi nahodha amchukue.

Kwa hiyo mpango ulio salama huanzia kwenye boti. Mjumbe mmoja wa kundi hutangulia Jinja siku kadhaa kabla, akamuuliza nahodha, yaani mwenye dhamana ya chombo na watu waliomo, idadi anayoikubali pamoja na mizigo yao, na idadi hiyo ndiyo inayoamua ni nani wataombwa mchango. Mjumbe huyo hupaswa pia kukitazama chombo kwa macho yake: iwapo maji yanavuja kati ya mbao hata boti ikiwa tupu, iwapo kuna kopo la kufulia maji, iwapo injini ina makasia ya akiba pembeni yake. Jaketi okozi, ambalo ni fulana ya kumfanya mtu aelee, halitoshi kuhesabiwa tu, kwa kuwa jaketi lililokaliwa kama mto kwa miaka hupondeka sponji yake na kupoteza nguvu ya kuelea, na lenye kamba iliyokatika humvuka mvaaji mara anapoanguka majini.

Suala la saa ya kuondoka linastahili kuangaliwa kwa makini zaidi, kwa sababu hapa mazoea ya wavuvi na tabia ya ziwa hukinzana. Mchana, nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji, na upepo huvuma kutoka ziwani kuelekea pwani. Usiku mambo hugeuka, hewa iliyopoa hushuka kutoka pande zote za nchi kavu na kukutana juu ya maji yenye vuguvugu, ikapanda na kufanya mawingu ya radi. Ndiyo maana dhoruba za Ziwa Victoria hutokea zaidi kuanzia usiku wa manane hadi asubuhi. Kundi linaloondoka Mbale usiku, likasafiri zaidi ya kilomita 100 ili liwahi samaki wa alfajiri, huweza kuingia majini katika saa ile ile ambayo ziwa halitabiriki kwa macho. Mamlaka ya hali ya hewa ya Uganda hutoa utabiri wa ziwa unaotaja upepo na mawimbi, na kuusikiliza jioni ya kuamkia safari si jambo la hiari.

Wapo wanaopendelea Ziwa Kyoga, na wana sababu, kwani maji ya mto Namatala wa Mbale huishia huko kupitia Mpologoma, na kina cha ziwa hilo kwa wastani ni kama mita 3 tu. Hata hivyo, ufupi wa maji hauondoi haja ya jaketi, na visiwa vya mafunjo vinavyoelea huweza kuifunga njia ambayo asubuhi ilikuwa wazi.

Kuhusu samaki wenyewe, sangara, anayeitwa pia mbuta, haruhusiwi kuvuliwa akiwa chini ya sentimita 50, kwa maana aliye mdogo hivyo kwa kawaida hajazaa, na mwaka 2017 kikosi cha jeshi kilianza kusimamia sheria hizo katika maziwa ya nchi. Mshipi na ndoana vinalitosha kundi la mapumziko. Nyavu za kuazima ambazo asili yake haijulikani ziachwe, na ofisa wa uvuvi wa mwalo aulizwe kuhusu vibali kabla ya siku ya safari.

Linabaki suala la fedha, ambalo ndilo humtia nahodha katika shinikizo. Nauli ya teksi inaweza kulipwa mapema bila madhara, lakini kodi ya boti inafaa ikae kwa mweka hazina hadi asubuhi, kwa makubaliano yaliyofanywa Namakwekwe mbele ya wote kwamba nahodha akikataa kuondoka atalipwa kiasi fulani kwa muda wake, na fedha zinazosalia zitanunua samaki aina ya ngege pale pale mwaloni, wachomwe na kuliwa na kundi zima siku hiyo hiyo.