Vazi la Askari na Mtu Aliye Ndani



Katika Kitabu cha Kwanza cha Samweli, sura ya 17, tunasoma kwamba mfalme Sauli alimvika Daudi mavazi yake mwenyewe ya vita. Sauli alikuwa mrefu kupita watu wote wa Israeli. Daudi alikuwa kijana mchunga kondoo. Alijaribu kutembea, akashindwa, akayavua. Tumezoea kulipita fungu hilo upesi, tukilikimbilia kombeo na jiwe. Leo tukae kidogo kwenye lile vazi lisilomwenea, tukiwatazama watu wa nyakati zetu wanaojitengenezea deraya kwa mikono yao, si kwa vita bali kwa mchezo.

Mwaka 1977 ilitoka huko Marekani sinema iitwayo Star Wars. Wamo ndani yake askari wa dola dhalimu, waliovaa deraya nyeupe mwili mzima na chapeo zinazoficha uso wote. Msanifu wa mavazi ya sinema hiyo, Mwingereza John Mollo, alipata tuzo ya Oscar kwa kazi yake. Askari hao walitisha hasa kwa kuwa walifanana wote. Hawana nyuso, wala hawaitwi kwa majina, bali kwa namba.

Ajabu ni kwamba watu wazima, wenye kazi na familia, walipenda kuvaa kama hao. Na kazi yenyewe si nyepesi. Bamba la plastiki hupashwa moto hadi lilainike, hulazwa juu ya kalibu, kisha hewa iliyo chini yake hufyonzwa ili plastiki ishike umbo. Mwenye kununua hupokea sandukuni vipande zaidi ya ishirini: vya kifua, mgongo, mabega, mapaja na miguu. Hakuna kipande kinachovalika kama kilivyo. Lazima akate kidogo kidogo, ajipime, asugue kingo kwa msasa, ajipime tena, ndipo atie gundi. Akikata kupita kiasi, plastiki hairudi. Mnene huongezea kipande ubavuni. Mfupi hupunguza sehemu ya paja, asije akatembea kama Daudi ndani ya chuma cha Sauli. Kazi hiyo huweza kuchukua miezi, na gharama yake hufika mamia ya dola. Wapo watakaosema huo ni upuuzi wa watu walioshiba. Hatutabishana nao sana.

Lakini tazameni jambo hili. Vazi lililobuniwa ili watu wote wafanane haliwezi kuvaliwa mpaka likatwe kwa kipimo cha mwili wa mtu mmoja. Makatekista wenzetu mnalijua hilo, ninyi mnaofundisha somo moja kwa mjane, kwa mwanafunzi na kwa mvuvi.

Wengine huendelea zaidi. Huchagua askari wa jangwani, wakaichafua deraya yao mpya kwa rangi ya vumbi na mikwaruzo, ionekane imetoka safari ndefu. Wengine hufuata hadithi za katuni za The Clone Wars, zilizoanza mwaka 2008, ambamo askari wenye sura moja hupaka chapeo zao alama, kila mmoja ya kwake, ili wenzake wamtambue.

Mwaka 1997, katika jimbo la South Carolina, Albin Johnson alianzisha chama cha wavaaji hao, kiitwacho 501st Legion. Yeye alikuwa amepoteza mguu kutokana na ajali ya gari. Ndani ya deraya nyeupe, mguu wa bandia haumtofautishi mtu na wenzake. Chama hicho kina masharti makali: picha za vazi hukaguliwa kabla mtu hajapokewa, na kila mwanachama hupewa namba yake. Leo wako maelfu katika nchi nyingi. Huzuru hospitali za watoto na kusaidia kuchangisha fedha kwa ajili ya wenye shida. Kwa kuwa chapeo humzuia mvaaji kuona vizuri miguuni pake, kwa kawaida huenda na msaidizi asiyevaa deraya, wa kuwaongoza wasije wakamkanyaga mtoto.

Kisha msiba ukaingia nyumbani kwa mwanzilishi mwenyewe. Binti yake mdogo aliugua saratani ya ubongo. Mtoto huyo aliomba apate roboti wa kumlinda usingizini, kama yule mdogo wa kwenye sinema, R2-D2, alivyomlinda bibi mmoja mwenye cheo. Mafundi waliojenga maroboti ya namna hiyo walisikia. Kwa kuwa kutengeneza jipya kungechukua muda mrefu, na muda haukuwapo, walichukua moja lililokuwa tayari, wakalipaka rangi ya waridi, wakampelekea. Ilikuwa mwaka 2005, katika miezi ya mwisho ya uhai wake. Alifariki mwezi wa Agosti mwaka huo, akiwa na miaka saba.

Wenzake baba waliendelea na kazi hata baada ya mazishi, wakakamilisha roboti jingine la waridi, likaitwa R2-KT. Nalo limepelekwa kwa watoto wengine walio wagonjwa, likisindikizwa na askari weupe wa kutisha. Mwaka 2015 lilionekana kwa kitambo kifupi katika sinema The Force Awakens, likiwa katikati ya maroboti mengine, na rangi yake ni ile ile.