Nani Ataihudumia Kompyuta Yako Kesho?



Tangu tarehe 14 Oktoba 2025, Microsoft ilipofunga kipindi cha kawaida cha kuihudumia Windows 10, wenye kompyuta kongwe wamekuwa wakishauriwa na mafundi wahamie kwenye Linux. Ushauri huo si mbaya. Linalonitia mashaka ni jingine: kampuni iliyo nyuma ya mfumo unaowekewa, je, itakuwapo miaka mitano ijayo?

Linux, iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, ni programu huria. Msimbo wake u wazi, na yeyote aweza kuunakili na kuutoa bure. Kwa hiyo kampuni haiwezi kuishi kwa kuuza nakala. Huishi kwa kuuza huduma, yaani masasisho ya usalama, msaada wa wataalamu, na ahadi ya kuutunza mfumo kwa miaka kadhaa. Red Hat ya Marekani ililitambua hilo mapema. Mwaka 2003 iliachana na toleo lake lililokuwa likiuzwa madukani, ikategemea ada ya mwaka kutoka kwa makampuni na taasisi. Mwaka 2012 mapato yake yalivuka dola bilioni 1, na mwaka 2019 IBM ikainunua kwa takriban dola bilioni 34. Angalieni, hata hivyo, mlipaji alikuwa nani: si mimi wala wewe.

Mandriva ya Ufaransa ilipendwa sana na watumiaji wa nyumbani. Kupendwa hakulipi mishahara. Kampuni ilifilisiwa mwaka 2015. Lakini tangu mwaka 2010 baadhi ya waliokuwa wafanyakazi wake walikwisha kuuchukua msimbo na kuanzisha Mageia, jambo ambalo lisingewezekana kwa programu iliyofungwa.

Ukubwa wa kampuni nao si kinga. Watumiaji wa CentOS 8, mfumo wa bure uliokuwa chini ya Red Hat, walitarajia kuhudumiwa hadi 2029. Desemba 2020 walitangaziwa kwamba huduma ingekoma mwishoni mwa 2021.

Nami niliwahi kuuziwa kompyuta yenye mfumo ambao kampuni yake ilikwisha kufungwa, na muuzaji alilijua hilo. Programu ya hesabu iliyokuja nayo haikusasishwa tena, na majalada yake hayakufunguka kwingine. Hesabu za duka letu za miezi minne tuliziandika upya kwa mkono, usiku baada ya usiku.

Basi mwulizeni fundi kampuni hiyo hupata wapi fedha zake. Akijibu kwamba kila kitu ni bure, hajajibu. Mwulizeni pia kama majalada yenu yatafunguka kwenye mfumo mwingine, na mjaribu palepale. Kisha mtake tarehe ya mwisho wa huduma. Ubuntu, kwa mfano, huahidi miaka mitano kwa matoleo yake ya muda mrefu, lakini miaka hiyo huhesabiwa tangu toleo lilipotoka, si tangu siku mliyowekewa. Tarehe hiyo iandikwe kwenye risiti.