Ufunguo Mmoja wa Milango Mingi: Utunzaji wa Nywila Zilizo Chini ya Akaunti Moja



Zamani mwananchi aliyetaka leseni ya biashara alibeba karatasi zake hadi ofisi ya halmashauri na kusimama foleni. Leo maombi hayo hupitia mfumo wa Tausi wa TAMISEMI. Anayetafuta kazi serikalini hutumia Ajira Portal, mwanafunzi anayeomba mkopo huingia katika mfumo wa HESLB, na mlipa kodi ana akaunti yake TRA. Kila mfumo hudai nywila. Hivyo nyumba moja yaweza kuwa na nywila 20, zote zimehifadhiwa katika simu moja, chini ya anwani moja ya barua pepe.

Utaratibu huo una manufaa. Simu janja nyingi zina hifadhi ya nywila ndani ya akaunti ya Google au ya Apple. Hifadhi hiyo huziweka nywila kwa mficho, huzijaza yenyewe huduma inapofunguliwa, na huweza kumtahadharisha mwenyewe pale mojawapo inapovuja. Kwa msaada wake, kila huduma yaweza kuwa na nywila ya peke yake.

Lakini anayeishika akaunti kuu amezishika zote, na mara nyingi akaunti hiyo haikufunguliwa na mwenyewe. Mwombaji hufika duka la steshenari siku ya mwisho ya maombi. Kijana wa dukani humfungulia barua pepe, huweka namba yake yeye ya simu, na nywila anayowawekea wateja wote. Maombi hutumwa. Wiki kadhaa baadaye wito wa usaili huingia katika barua pepe ambayo mwombaji hawezi kuifungua, na nafasi humpita bila yeye kujua.

Mambo manne huziba mwanya huo.

Kwanza, akaunti kuu iwe na nywila ndefu isiyotumika kwingine. Maneno manne yasiyohusiana hukumbukwa kwa urahisi, ilhali jina la mtoto na mwaka wake wa kuzaliwa hata jirani anavijua. Uthibitishaji wa hatua mbili nao uwashwe.

Pili, namba ya simu ya kurejeshea akaunti iwe ya mwenyewe, na iwe hai. Laini iliyoachwa muda mrefu huweza kufungwa na namba yake kupewa mtu mwingine. Anayeipokea hupokea pia ujumbe wa uthibitisho. Namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho cha mtu hukaguliwa kwa kupiga *106#.

Tatu, mipangilio ya akaunti huonyesha simu na kompyuta zote ambamo akaunti iko wazi. Kifaa kisichojulikana kiondolewe, kisha nywila ibadilishwe. Katika kompyuta ya dukani, kivinjari kikiuliza kama kihifadhi nywila, jibu ni hapana. Na mteja atoke katika akaunti kabla ya kuinuka kitini.

Nne, kila mtu mzima awe na akaunti yake. Nywila za familia nzima zikikaa katika simu ya baba, siku simu hiyo inapoibwa ni familia nzima inayofungiwa nje.

Kwa mzee asiye na simu janja, daftari lililofungiwa sandukuni lamfaa kuliko kumbukumbu ya mwenye duka. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Na yeyote apigaye simu akiomba nywila au namba ya siri asipewe, hata akijitambulisha kuwa mtumishi wa ofisi fulani. Ujumbe wa kitapeli hupelekwa namba 15040.

Jioni ya leo kila mkazi na ajiulize: simu hii ikitumbukia mtoni usiku, nani ataweza kuirejesha akaunti kesho? Jibu likiwa ni yeye mwenyewe, alale salama. Likiwa ni kijana wa steshenari, amfuate kesho asubuhi, na namba ya simu pamoja na nywila vibadilishwe wakiwa wote wawili. Kazi hiyo ni ya dakika chache, maadamu kijana yule bado yupo dukani.