Ujira wa Dalali Katika Zama za Intaneti

(Hotuba iliyotolewa mbele ya vijana na wazee baada ya swala ya Alasiri)



Tumeombwa kusema juu ya kazi ambayo vijana wetu wanaizungumza siku hizi hata pale mlangoni wanapovaa viatu, nayo ni kazi ya kuuza bidhaa za watu wengine kwa njia ya intaneti na kulipwa kamisheni. Wenyewe wanaiita afilieti. Swali lililoletwa kwetu kwa maandishi lilikuwa fupi: je, kazi hii ni halali, na je, mtu anaweza kupata kwayo kipato cha kudumu? Haya ni maswali mawili, na pengine ingekuwa rahisi kwetu kulijibu la kwanza tu kisha tukaagana. Lakini tumeona kwa macho yetu kuwa tamaa ya kulipata jibu zuri la swali la pili ndiyo inayowafanya watu waliharibu la kwanza.

Kwanza tuieleze kazi yenyewe, kwa kuwa wamo wazee hapa ambao simu zao ni za kupigia na kupokea tu. Kampuni yenye duka katika intaneti humpa mtu anwani ya bidhaa iliyobeba namba yake, ambayo vijana huiita linki. Naye huiweka linki hiyo katika makala, katika video, au katika ujumbe anaowapelekea watu wake. Msomaji akiibonyeza, alama ndogo huwekwa ndani ya simu au kompyuta yake ili duka lijue kuwa mteja huyu ameletwa na fulani. Akinunua kabla muda wa alama ile haujakwisha, aliyemleta hupewa sehemu ya bei. Duka la muziki la CDNow huko Marekani lilianza mpango wa namna hii mwaka 1994, na Amazon wakaanzisha wa kwao mwaka 1996. Kwa Amazon, alama ile kwa kawaida huishi saa 24 tu. Mteja akiondoka kwenda kufikiri, akarudi keshokutwa kwa njia yake mwenyewe, wewe huna chako. Na akinunua kisha akairudisha bidhaa, kamisheni yako nayo hufutwa.

Sasa wazee wetu, hebu tazameni: ni kitu gani hapa kilicho kigeni kwenu? Huyu ni dalali. Tofauti ni kwamba hasimami juani. Imamu Bukhari ameweka mlango maalumu juu ya ujira wa dalali, na humo ametaja kwamba Ibn Sirin, Ata, Ibrahim na Hasan hawakuona ubaya wowote katika ujira huo. Ametaja pia rai ya Ibn Abbas, kwamba si vibaya mwenye nguo kumwambia dalali aiuze, na kile kitakachozidi juu ya bei fulani kiwe chake. Mliowahi kununua kitu Kariakoo mnaijua habari hii kwa jina la cha juu, na wenye kuila mnawaita mawinga. Hivyo msingi wa kazi una nafasi yake katika dini, maadamu bidhaa ni halali, ujira unajulikana, na mwenye mali ameridhia. Tunasema hivi wazi kwa sababu wapo miongoni mwetu wanaoharamisha kila kitu kinachopita katika skrini, na jambo hilo nalo si ucha Mungu.

Lakini kuna jambo moja ambalo winga na kijana wa linki hawalingani. Mteja anayemfuata winga anajua kabisa kuwa anafuatana na winga. Anamwona, na akipenda anambishia bei. Ama yule anayesoma ujumbe wako usemao kwamba mashine hii ya kusaga ni nzuri mno nami naitumia nyumbani kwangu, anadhani anasikia ushauri wa ndugu. Hajui kuwa ndugu analipwa. Huko Marekani, mamlaka ya serikali yenye kusimamia biashara ya haki ilitoa mwongozo mwaka 2009 unaotaka mtu wa namna hii aeleze wazi kuwa analipwa, na Amazon wenyewe huwataka mawakala wao waandike hivyo. Sisi tunasema Mwislamu hakupaswa kungoja mwongozo wa Marekani. Sote tunaijua habari ya Mtume (s.a.w.) kuingiza mkono wake katika lundo la nafaka sokoni akakuta chini kumelowa, na jinsi alivyomkemea yule muuzaji kwa kutoiweka ile iliyolowa juu watu waione. Anayesema naitumia nyumbani kwangu, ilhali hajawahi hata kuigusa, ameificha iliyolowa chini.

Tuje kwenye kipato cha kudumu. Tuchukue kitabu cha dola 20 kilichouzwa na Amazon kwa kamisheni ya asilimia 4.5. Hapo wakala anapata senti 90. Akitaka dola 200 kwa mwezi, inabidi watu wapatao 222 wanunue kitabu kama hicho kupitia kwake. Tukikadiria, kwa ukarimu, kuwa katika kila watu 50 wanaobonyeza linki mmoja hununua, basi anahitaji mibonyezo zaidi ya elfu kumi na moja kila mwezi. Na mibonyezo hiyo itoke kwa watu wanaoweza kununua katika duka hilo, wenye kadi ya benki na anwani ya kupelekewa mzigo. Wangapi katika orodha ya simu yako wako hivyo? Tena malipo hayaji papo hapo. Ya mwezi huu hulipwa baada ya siku 60 hivi tangu mwezi kwisha, na aliyejiandikisha asipouza angalau mara tatu katika siku 180 za mwanzo, akaunti yake hufungwa.

Na hata aliyefanikiwa, mkono wake hauko juu. Mwezi Aprili 2020, wakati dunia nzima imejifungia kwa ajili ya korona, Amazon walipunguza kamisheni ya samani kutoka asilimia 8 hadi 3, na ya vyakula kutoka 5 hadi 1, kwa taarifa ya wiki moja tu. Aliyekuwa akipata dola 800 kwa samani alibaki na 300 kwa kazi ile ile na wateja wale wale. Hapa kwetu Tanzania, duka la Jumia lilifunga shughuli zake Novemba 2019, na linki zote za Watanzania waliokuwa wakilitangazia zikawa karatasi tupu. Hatuzilaumu kampuni hizo, maana mwenye duka ana haki ya kufunga duka lake. Tunasema tu kwamba usimwambie baba wa binti unayemchumbia kuwa una kazi ya kudumu.

Ugumu huu ndio unaomfanya kijana atafute njia ya mkato, na njia za mkato tunazozijua ni tatu.

Ya kwanza ni kuiba sifa ya kumleta mteja. Mwaka 2010 mawakala wawili waliokuwa miongoni mwa wakubwa kabisa wa eBay walishtakiwa huko Marekani, na mwaka 2014 wakahukumiwa vifungo. Walikuwa wakipandikiza ile alama kwa siri katika kompyuta za watu ambao hawakubonyeza linki yoyote, na watu hao walipokwenda eBay kwa miguu yao wenyewe, kamisheni ikaingia kwa hao wawili. Mamilioni ya dola yalilipwa kwa kazi isiyofanyika. Ni sawasawa na dalali anayekaa karibu na nyumba ambayo imekwisha kupata mpangaji, akadai kodi ya mwezi mmoja kwa kuwa alimwona mpangaji akipita.

Ya pili ni ile ambayo bidhaa haipo, bali wewe na wenzako ndio bidhaa. TelexFree ilijinadi kuwa inauza huduma ya simu za intaneti, ikawalipa watu kwa kuweka matangazo kila siku na kwa kuwaingiza wengine. Ilipoanguka Aprili 2014 ilikuwa imewakamata zaidi ya watu milioni moja katika nchi nyingi. Sisi Watanzania tulikuwa tumekwisha kuonja ladha hiyo mwaka 2009 kwa DECI, ambako watu walipanda mbegu na hawakuvuna. Kipimo chake ni chepesi. Uliza: kama hakuna mtu mpya atakayejiunga kuanzia leo, fedha zitatoka wapi? Wakala wa kweli hulipii kiingilio, na hulipwa kwa sababu kuna mtu fulani, mahali fulani, amenunua mashine ya kushonea na ameipenda.

Ya tatu ndiyo iliyotuleta hapa, na tutaizungumza kwa utulivu kwa sababu imeingia ndani ya msikiti huu.

Katika mwezi wa Ramadhani uliopita, kijana wetu mmoja alileta shilingi laki nne kwa ajili ya mabati ya ukumbi wa madrasa. Tulizipokea kwa furaha, tukamwombea dua mbele ya watu, tukanunua mabati. Hatukumwuliza kitu. Baada ya miezi mitatu alikuja mwenyewe kwetu baada ya Isha, akakaa muda mrefu bila kusema. Kisha akatueleza kuwa fedha zile zilikuwa kamisheni ya kampuni ya kubashiri matokeo ya mpira. Alikuwa amepewa namba ya promosheni, naye akaisambaza kwa vijana wenzake. Na mkataba ulikuwa hivi: kila aliyejiunga kwa namba yake, sehemu ya fedha atakazopoteza zingekuwa zake, mwezi huu, na ujao, na kila mwezi maadamu yule anaendelea kucheza.

Ndugu zetu, tuliyatafakari maneno hayo usiku kucha. Tulikuwa tumejua kuwa kamari ni haramu, hilo halihitaji hotuba. Lakini hatukuwa tumejua kuwa wakala wake hulipwa kwa hasara ya rafiki yake. Mwenye kuuza mashine ya kushonea hupata mara moja, na mnunuzi hubaki na mashine. Huyu alipata kila mwezi, kiasi cha laki sita kwa mwezi mmoja mzuri, kwa sababu watu wale walikuwa wakipoteza kila mwezi. Kipato cha kudumu ambacho kila mmoja hapa anakitafuta, yeye alikuwa nacho. Akatuambia kuwa kilichomleta si mawaidha. Ni kwamba mmoja wa waliojiunga kwa namba yake ni mtoto wa mama yake mdogo, naye aliuza pikipiki ya marehemu baba yake, na yeye kwenye simu yake aliona sehemu ya fedha ya pikipiki ile ikiingia.

Kamati ya wazee haikukubaliana. Wengine walisema mabati yang'olewe. Wengine walisema aliyetoa hakukusudia ubaya, na mabati yamekwisha kupigiliwa. Mwishowe wazee saba walichanga laki nne kutoka mifukoni mwao, zikagawiwa kwa mafukara wa mtaa bila kutaja sababu, na mabati yakabaki. Nusu ya kamati hawajaridhika hadi leo, na huenda hoja yao ina nguvu kuliko yetu. Kosa la kutouliza lilikuwa letu sisi tulioshika sanduku, wala si la kijana peke yake. Tangu hapo anayeleta mchango mkubwa tunamwuliza kwa upole, na wapo wawili waliokasirika.

Kijana mwenyewe aliifunga namba ile. Sasa anaandika kwa Kiswahili juu ya cherehani na vipuri vyake, kwa kuwa mama yake ni fundi na yeye amekulia chini ya meza ya cherehani. Kila makala anaandika juu kabisa kuwa akiuza atalipwa. Hasifu asichokijaribu, na mara mbili ameandika kuwa mashine fulani haifai, ingawa ilikuwa na kamisheni nzuri. Ametupa ruhusa kutaja hesabu yake: mwezi uliopita alipata shilingi elfu arobaini na saba, na mwezi wa kabla yake hakupata hata senti. Mchana anafanya kazi ya kupaka rangi nyumba. Hiyo ndiyo sura ya kazi hii kwa mtu anayeanza, na tunapenda mwione hivyo, kwa sababu wanaowauzia mafunzo ya kutajirika hawawaonyeshi mwezi usio na kitu.

Walio na ndugu Kenya wawaambie pia kuwa Sheria ya Fedha ya mwaka 2023 ya huko imeitaja kazi hii na kuiwekea kodi ya asilimia 5 inayokatwa kabla ya malipo, ili mtu asiahidi nyumbani fedha ambazo hatazipata zote.

Alhamisi ijayo baada ya Isha, kila mwenye linki au namba ya promosheni aje na simu yake na masharti ya mkataba wake, hata kama yako kwa Kiingereza. Tutayasoma pamoja, kifungu kwa kifungu, na kijana wetu huyo amekubali kutusomea. Wasio na simu kubwa waje vilevile, chai itakuwepo.