Wingi na Uchache katika Barua Zetu za Kiingereza
(Hotuba iliyosomwa na karani wa chama mbele ya mkutano mkuu wa mwaka)



Jambo nililoombwa kueleza lahusu barua zetu. Chama hiki huzungumza mambo yake kwa Kiswahili, lakini maombi mengi tunayopeleka afisini huandikwa kwa Kiingereza. Wazee ndio wanaoyatia sahihi, na sahihi ya mzee ni neno lake. Basi ni haki yao kujua barua inasema nini, hasa pale inapotaja wingi au uchache wa watu na mali, kwa maana hapo herufi moja yaweza kuligeuza ombi zima.

Kiswahili ni chepesi katika jambo hili. Twasema watu wengi, maji mengi, sukari nyingi. Neno ni lile lile, nalo hufuata ngeli ya jina tu. Mwingereza hana ngeli hizo. Yeye hujiuliza kwanza: Je, kitu hiki huhesabiwa kimoja kimoja? Kikiwa huhesabiwa, husema "many": "many people", "many cows", "many beans". Kikiwa hakihesabiwi, husema "much": "much water", "much sugar", "much maize", na neno hilo hulitumia zaidi katika kuuliza na kukana.

Tazameni jinsi ilivyo. Mahindi na maharagwe huchemshwa katika sufuria moja, wala mpishi hahesabu punje za aina yo yote. Lakini kwa Mwingereza maharagwe huhesabika na mahindi hayahesabiki. Shilingi huhesabika, bali "money" haihesabiki. Kwa hiyo tusitegemee macho yetu, tujifunze desturi ya lugha yenyewe. Majina yanayowakwaza waandishi wengi ni "information", "advice", "furniture", "luggage" na "equipment". Sisi twahesabu habari, mashauri, viti na meza, mizigo na vifaa, lakini majina hayo ya Kiingereza hayatiwi "s" ya wingi.

Dawa yake wazee wanaijua tangu zamani, nayo ni kipimo. Nani aliyewahi kuhesabu punje za mtama sokoni? Ndiyo sababu kulikuwa na kibaba, na pishi yenye vibaba vinne, kisha debe na gunia. Mwingereza naye hutanguliza kipimo, akahesabu kipimo hicho: "two bags of maize", "three pieces of furniture", "a piece of advice".

Sasa nafika kwenye kiini cha maneno yangu, yaani uchache. Kwa vitu vya kuhesabiwa neno ni "few", na kwa visivyohesabiwa ni "little". Lakini kila moja lina maana mbili, kwa kadiri lilivyotanguliwa na herufi "a" au halikutanguliwa. Likiwa nayo, maana yake ni kwamba kitu kipo, ingawa si kingi. Likikosa herufi hiyo, maana yake ni kwamba kitu ni haba, karibu hakuna.

Tuseme tunaomba msaada wa karo. Tukiandika, "A few of our children need help with school fees", tumesema kwamba wako watoto kadhaa wanaohitaji. Tukiandika, "Few of our children need help with school fees", asomaye ataelewa kwamba karibu hakuna mtoto mwenye shida. Ataiweka barua kando na kushika nyingine, wala hatuwezi kumlaumu, maana amefuata tulivyoandika. Mtoto atakaa nyumbani kwa sababu ya herufi moja.

Na katika fedha ni vivyo hivyo. "We have a little money" ni neno la kuwatuliza wanachama kwamba akiba ipo. "We have little money" ni neno la kuomba msaada, kwa kuwa mfuko u karibu kuwa mtupu. Sanduku laweza kuwa lile lile na fedha zile zile; lililo tofauti ni kusudi la msemaji. Mwandishi na alijue kusudi lake kabla ya kushika kalamu.

Katika kulinganisha, husemwa "fewer members" na "less money". Tangu kale Waingereza wamesema "less" kwa yote mawili, na wengi husema hivyo hata leo. Lakini mwaka 1770 mwandishi Robert Baker alionelea kwamba "fewer" lafaa zaidi kwa vitu vya kuhesabiwa, na shauri hilo likawa kanuni ya shule. Katika barua rasmi tuifuate. Ila kwa jumla ya fedha, masafa na muda, "less" ndilo sahihi: "less than 500 shillings".

Liko jina moja la kuangaliwa sana. "Damage" ni hasara, kama vile lori likibomoa ukuta wetu. "Damages" si hasara nyingi, bali ni fidia idaiwayo mahakamani. Mwenye kuchanganya mawili haya katika barua ya madai aweza kulipotosha dai lake mwenyewe.

Kwa hayo natoa mashauri mawili. La kwanza, idadi ikijulikana, iandikwe kwa tarakimu: "23 children" ni neno lisilo na shaka. La pili, mzee asitie sahihi mpaka karani amemsomea barua yote kwa Kiswahili. Akisikia neno "wachache", na aulize: Je, ni kadhaa, au ni haba? Karani asikasirike kwa kuulizwa, wala mzee asione haya kuuliza. Barua ikishapelekwa ni ya chama kizima, na jibu lake litatupata sote.