Hesabu Ikipungua Dukani

(Haya ni maneno ya Afisa Habari wa Halmashauri katika mazungumzo na wafanyabiashara na wahudumu wa maduka wa Omurushaka. Yanachapishwa hapa kwa ajili ya wakazi wa kata ambao hawakuwapo.)



Nimeombwa nizungumze juu ya jambo ambalo kila mwenye duka analijua na kila mhudumu analiogopa, yaani siku ambayo hesabu inapungua na macho yote yanamgeukia mtu mmoja.

Msimu wa kahawa ukifika, hapa kwetu Omurushaka, Kayanga na Nyaishozi, na kwa majirani zetu wa Nkwenda na Isingiro wilayani Kyerwa, fedha huzunguka kuliko kipindi kingine chochote cha mwaka. Mhudumu yuleyule mmoja anapima sukari, anatoa bati na saruji, anapokea fedha taslimu, anasoma ujumbe wa malipo katika simu ambayo mara nyingi si yake, na anamwandikia mteja wa mkopo. Usiku hesabu inafanywa kwa haraka, kila mtu amechoka. Ikipungua shilingi elfu sitini, neno la kwanza kutamkwa ni wizi.

Upungufu ni jambo moja na wizi ni jambo jingine. Upungufu unaonekana kwa kuhesabu. Wizi, kwa mujibu wa Kanuni ya Adhabu, unahitaji mtu aliyechukua mali kwa ulaghai, pasipo haki yoyote juu ya mali hiyo. Mwenye kuhesabu rafu na droo amethibitisha la kwanza tu. La pili bado hajaligusa.

Tuchukue gunia la sukari la kilo 50. Likiuzwa robo kilo, robo kilo, mhudumu atapima mara 200. Kila kipimo kikizidi kwa gramu 5 tu, kiasi ambacho mizani ya duka la kawaida haiwezi kukionyesha vizuri, gunia litakwisha kukiwa na upungufu wa kilo nzima. Hakuna aliyeiba. Ongezeni hapo sukari iliyomwagika, na gunia lililotobolewa na panya. Mwenye duka anayeuza magunia kumi kwa mwezi atapoteza kilo kumi bila kumwona mwizi, kwa sababu mwizi hayupo.

Matundu mengine ya duka mnayajua kuliko mimi. Katoni imeshushwa kutoka kwenye lori usiku bila kufunguliwa, kumbe ndani imepungua. Mwenye duka mwenyewe amepita akachukua elfu ishirini ya mafuta ya pikipiki, hakuandika. Mtoto wake amechukua soda. Mama mkwe amepewa sabuni na mchele kwa mkopo wa maneno. Murongo, ambako wateja huvuka kutoka Uganda, shilingi ya Uganda inapokewa kwa bei ya jana huku leo imebadilika. Katika kibanda cha wakala wa fedha, tarakimu moja ikikosewa floti imekwenda kwa mtu asiyejulikana. Katika yote hayo, mwisho wa siku anayeulizwa ni yule binti au kijana wa kaunta.

Sisemi kwamba wahudumu hawaibi. Wapo wanaoiba, na wapo walioangusha maduka ya watu yaliyojengwa kwa miaka mingi. Sheria haikuwasahau wenye mali: kifungu cha 271 cha Kanuni ya Adhabu kinamtaja peke yake karani au mtumishi anayemwibia mwajiri wake, maana ameisaliti imani aliyopewa. Lakini kwa kuwa kosa hilo ni zito, kumbandika mtu asiyehusika ni kumharibia maisha katika mji mdogo kama huu wetu, ambamo aliyefukuzwa duka moja kwa wizi hapati kazi katika duka la pili.

Asije mtu akadhani ni udhaifu wa madaftari yetu ya vijijini tu. Huko Uingereza, Shirika la Posta lilifunga mfumo wa kompyuta ulioitwa Horizon, uliotengenezwa na kampuni ya Fujitsu, katika maduka ya mawakala wake. Mfumo ukawa unaonyesha upungufu wa fedha ambao haukuwapo. Kati ya mwaka 1999 na 2015, zaidi ya mawakala na wahudumu 900 walitiwa hatiani kwa wizi, ulaghai au hesabu za uongo. Bi Seema Misra, aliyekuwa na duka katika mji wa West Byfleet, alihukumiwa kifungo cha miezi 15 mwaka 2010 akiwa mjamzito, kwa tuhuma ya kuiba paundi 74,000. Hatia yake ilifutwa na Mahakama ya Rufani Aprili 2021, pamoja na za wenzake 38. Mwaka 2024 Bunge la nchi hiyo lilitunga sheria mahususi ya kufuta hatia nyingine nyingi za aina hiyo. Wengi wao, kabla ya kufika mahakamani, walikuwa wamelipa upungufu huo kwa fedha zao za mfukoni, wakijilaumu wenyewe. Kompyuta ilisema imepungua, basi wakubwa wakaona imetosha. Kama kompyuta ya nchi tajiri inaweza kusema uongo kwa miaka yote hiyo, daftari lililoandikwa kwa kalamu inayokwisha wino lina nafasi gani ya kuaminiwa peke yake?

Sasa nije kwenye wajibu wa mwajiri. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka anayemwachisha mtu kazi awe na sababu halali na afuate utaratibu wa haki, na mzigo wa kuthibitisha hayo ni wake. Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007, yaani Tangazo la Serikali Namba 42, zinaeleza utaratibu wenyewe. Kwanza uchunguzi. Kisha mtuhumiwa ajulishwe tuhuma kwa lugha anayoielewa, na apewe muda wa kujiandaa, ambao kwa kawaida haupungui saa 48. Katika kikao anaweza kusindikizwa na mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi, anaweza kuita mashahidi na kuwauliza maswali wa upande wa pili. Anayeongoza kikao asiwe mtu aliyehusika na tukio. Uamuzi utolewe pamoja na sababu zake.

Najua mtaniuliza: duka lina watu wawili, huyo mwenyekiti asiyehusika atatoka wapi? Swali hilo ni la haki. Ushauri wangu ni kwamba mwombeni mfanyabiashara mwenzenu anayeheshimika pande zote mbili, mkae naye nusu saa, mkaandike yaliyosemwa na kila mmoja atie sahihi. Nusu saa hiyo ni nafuu kuliko kesi.

Kuhusu mshahara, hapa ndipo makosa ni mengi zaidi. Kuzuia mshahara wote wa mwezi ili kufidia upungufu hakuruhusiwi. Makato ya kufidia hasara yanahitaji kibali cha mfanyakazi kwa maandishi, na hasara iwe imetokea akiwa kazini kwa kosa lake. Mwajiri amweleze kwa maandishi chanzo cha deni, kiasi chake na jinsi kilivyohesabiwa, na ampe nafasi ya kukipinga. Deni lisizidi hasara halisi, na makato yasizidi robo ya ujira wake wa fedha. Anayelipwa shilingi 200,000 hakatwi zaidi ya 50,000. Kumwambia mtu "utafanya kazi bure hadi Desemba" si makato. Sitaki kulitafutia jina hapa mbele ya wazee.

Wengi wa wahudumu wetu si wageni. Ni mtoto wa dada aliyeletwa kutoka Kaisho au Mabira, analala stoo, anakula mezani kwa shangazi yake, na mkataba hana. Wenye maduka hudhani undugu unawaweka nje ya sheria. Kinyume chake, pasipokuwa na maelezo ya kazi kwa maandishi, mzozo ukifika mbele ya vyombo vya sheria mwajiri ndiye anayebeba mzigo wa kuthibitisha masharti ya kazi yalikuwa yapi. Na ugomvi wa duka ukiingia katika ukoo, huenda mbali kuliko elfu sitini iliyopotea.

Yapo mambo ambayo hayana mjadala. Kumpiga, kumfungia stoo usiku kucha, kumvua nguo kumpekua mbele ya wateja, hayo ni makosa ya jinai hata kama kweli aliiba. Mwanamke akihitaji kupekuliwa, apekuliwe na mwanamke mwenzake kwa staha. Raia aliyemkamata mtu akitenda kosa anatakiwa kumkabidhi polisi bila kuchelewa. Na yule anayetoka barazani akapiga kelele ya "mwizi" wakati barabara imejaa vijana, ajue kwamba hawezi tena kuwarudisha nyuma watakaoitikia. Ibara ya 13 ya Katiba inakataza mtu aliyeshtakiwa kwa jinai kutendewa kama mkosaji kabla hatia haijathibitika. Mawe ya barabarani hayasubiri uthibitisho.

Picha ya kamera, au picha ya mtuhumiwa iliyopigwa kwa simu, ipelekwe polisi kama ushahidi. Isitupwe katika makundi ya WhatsApp ya kata. Tangu mwaka 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inamhusu anayesambaza taarifa za uongo. Wapo pia wanaokwenda kwa mganga ili aonyeshwe mwizi. Nasema kwa heshima zote: mganga hajawahi kuhesabu bidhaa zenu.

Kwako wewe mhudumu. Siku ukituhumiwa, usikimbie. Anayekimbia Bukoba usiku huonekana amejihukumu, hata kama alikimbia kwa hofu tu. Omba hesabu irudiwe ukiwapo, pamoja na daftari la mikopo, risiti za mzigo ulioingia na orodha ya malipo ya simu. Usitie sahihi karatasi inayosema "nakiri nimeiba" ili yaishe, haitaisha. Kama kuna unachokubali, andika hicho tu: "nakubali nilikosea kurudisha chenji" ni maneno tofauti kabisa na kukiri wizi. Jiandikie tarehe, saa na majina ya waliokuwapo. Ukipelekwa kituoni, unayo haki ya kunyamaza, na ya kuomba ndugu au wakili wako ajulishwe.

Ofisi ya kijiji au ya kata inaweza kuwapatanisha na kuwasikiliza, lakini haiwezi kumtia mtu hatiani kwa wizi wala kumlazimisha kusaini deni. Wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 hutoa ushauri bila malipo. Ulizeni katika ofisi ya kata au kwa Afisa Maendeleo ya Jamii.

Ukiachishwa kazi na unaona umeonewa, chombo chako ni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambayo kwa mkoa wetu ofisi yake ipo Bukoba. Unajaza Fomu Namba 1, unampa mwajiri nakala, unabaki na uthibitisho kwamba ameipokea, ndipo unaiwasilisha Tume. Muda ni siku 30 tangu siku ya kuachishwa. Madai mengine, kama mshahara uliozuiwa, yana siku 60. Wengi hupoteza haki yao hapa, si kwa kukosa ushahidi, bali kwa kungoja wazee wapatanishe, kisha mavuno, kisha mwezi umepita. Mapatano yaendelee, lakini fomu iende. Ikithibitika kwamba uliachishwa isivyo haki, unaweza kurudishwa kazini au kulipwa fidia. Asiyetimiza miezi sita kwa mwajiri huyo hana kinga hiyo ya kuachishwa isivyo haki, ila siku alizofanya kazi ni lazima alipwe.

Mmeniuliza njia ya kuzuia ugomvi huu kabla haujaanza. Kabidhianeni kwa maandishi. Anayeingia zamu na anayetoka wahesabu pamoja fedha ya droo, floti na bidhaa za bei kubwa, waandike mistari mitatu na sahihi mbili. Mzigo uhesabiwe lori likiwa bado limesimama. Mwenye duka naye aandike anachochukua, tena wa kwanza kuandika awe yeye. Hesabu ya bidhaa zote ifanywe kila mwisho wa mwezi badala ya mara moja kwa mwaka, kwa sababu upungufu wa mwezi mmoja unaweza kufuatiliwa, na wa mwaka mzima humwangukia aliyepo siku hiyo, hata kama waliomtangulia walikuwa watatu.

Na mhudumu akiondoka, kwa wema au kwa ubaya, mpeni hati ya utumishi. Sheria inamtaka mwajiri aitoe ajira inapokoma, hata kwa aliyeachishwa. Fomu yake ni fupi. Mwenye kuihitaji na akanyimwa, afike kwa Afisa Kazi wa mkoa akiwa na jina la duka, tarehe aliyoanza na tarehe aliyoondoka.